Kapasita Niliyomwekea Mama

Karakana ya Redio,
Chumba cha Nyuma.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi mzima wa mwili. Akili ndiyo bado haijanirudia tangu Jumamosi.

Unaikumbuka kengele niliyomtengenezea Mama, anabonyeza kitandani inalia mezani kwangu karakanani? Nilijisifu hadi ukanichoka. Basi mwezi uliopita ilianza kulia vipande vipande, mlio mfupi kisha kimya. Nikienda mbio, Mama ananiambia si kitu, nirudi kazini. Nikajua ni waya wake, unaopita nyuma ya friji, ndio unaoleta kelele. Nikaongeza kapasita, kile kifaa kidogo cha kuchelewesha umeme, ili mguso usiofika sekunde moja usisikike. Kengele ikatulia, nami nikajipongeza.

Jumamosi nilimkuta Mama sakafuni. Kengele haikuwa imelia. Namshukuru Mungu hakuvunjika.

Nilipima kila kitu, kizima. Nikameza kiburi changu, nikawatumia mafundi wenzangu mchoro kwenye kundi letu la simu, wanisaidie. Wakabishana kuhusu betri, wakahamia kwenye waya. Kisha Koleo, yule fundi wa lifti niliyesoma naye, akaandika swali moja tu: "Anayebonyeza ana mkono wa namna gani?"

Dada, niliiacha simu mezani. Nilikwenda nikamwomba Mama abonyeze. Kidole kiligusa, kikateleza. Hata nusu sekunde hakikufika. Mkono wake wa kulia umelegea, na mimi ninayekula naye kila siku sikuuona.

"Nilikuwa nakuita," akaniambia. "Lakini ukitokea mbio umeshika bisibisi, naona haya kukwambia nataka kupelekwa chooni."

Ile niliyoiita kelele ilikuwa ni Mama, na nilimnyamazisha mimi, kwa ufundi wangu mwenyewe.

Nimempeleka kwa daktari, amesema ni kiharusi chepesi na mkono unahitaji mazoezi. Kapasita nimeing'oa. Sasa hata shuka likigusa kengele inalia, na iendelee kulia.

Lakini aibu ya Mama sijui kuirekebisha. Njoo, Dada, hata kwa wiki mbili. Yeye hatakuita, wewe mwenyewe unamjua. Ninakuita mimi.

Nisalimie shemeji, na Kibonge wenu mwambie mjomba anamkumbuka. Mungu awalinde na akufungulie njia.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi asiyejisifu tena.