Barua ya Mama Mwende

Jumatatu, 4 Agosti

Maboksi kumi na saba, na jiko bado. Miaka minne Nairobi, Jumapili narudi nyumbani. Nimetoka ubalozini mapema nije kufunga vyombo, nikamkuta mke wa Mtungi sebuleni anapima mapazia. Mtungi ndiye anayechukua kiti changu, na nyumba hii. Mkewe alikuwa na mwanamke nisiyemjua, anamwonyesha jiko. Mpishi wao mpya, kasema.

Mpishi wao ni Mama Mwende. Tulishakubaliana. Kanipikia miaka yote minne, akamaliza kwangu Alhamisi, akaondoka na barua yangu ya sifa mkononi, aanze kwao wiki hii. Nikaendelea kufunga vyombo. Kazi hii imenizoesha kunyamaza kwanza. Sasa nazunguka nyumba nzima na hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemuuliza Mtungi. Eti akanishukuru. Kasema barua yangu kaielewa vizuri sana. "Dada, si ulinifundisha mwenyewe? Soma kisichoandikwa." Kweli nilimfundisha, alipokuwa chini yangu kituo chake cha kwanza. Barua haikusema mama huyu anapika vizuri. Haikusema nasikitika kumwacha. Akaona namtahadharisha kiungwana.

Nimeitafuta nakala. "Anafika kwa wakati. Ni mwaminifu na msafi. Alitekeleza majukumu yake kwa kiwango cha kuridhisha." Basi. Niliiandika kwa dakika kumi, kati ya ripoti mbili, kwa mkono uleule unaoandikia wizara. Nusu ya kazi yetu ni kusema jambo lisishikike popote.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mie nimechuma, anakula Mama Mwende peke yake. Nimempigia simu mara sita. Imezimwa.

Jumatano, 6 Agosti

Kawangware, mchana. Kwake niliwahi kumfikisha mara moja tu, siku ya mvua, na leo nimeuliza njia mpaka koo limekauka. Vijana ambao kwetu Tanga wangeniamkia wananiambia "sasa, mathe", nami naitikia "poa". Miaka minne si mchezo.

Chumba chake kina mtu mwingine. Jirani anayekaanga mandazi mlangoni kanieleza bila kuniangalia usoni. Mama Mwende alirudisha chumba mwisho wa mwezi, kwa sababu kazi mpya ilikuwa na chumba cha uani. Akaombewa kanisani, akaaga ploti nzima, wapangaji wote. Jumamosi akapigiwa simu asiende. Kurudi kwa mwenye nyumba, chumba kimeshapata mtu. Akabeba godoro lake mpaka kwa dada yake, mtaa wa Lindi, kule Kibera.

"Ni wewe ule madam wa ubalozi?" akauliza.

Nikasema ndiye mimi. Akarudi kwa mandazi yake. Aibu niliyoipata sijawahi kuipata kwenye kikao chochote.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemweleza Mtungi yote. Kasikitika kwa dhati, lakini yule mwingine keshaanza, ana watoto, na hawezi kumfukuza kwa kosa langu. Ni haki. Haki hiyo inanichoma. Nimehangaika ofisi hadi ofisi mpaka mhasibu wetu kasema anatafuta mpishi, na chumba cha uani kipo. Yuko tayari kumjaribu Jumatatu. Anataka barua.

Nimeandika, nikachana. Nikaandika tena, nikachana. Barua za mahindi yaliyokwama mpakani naziweza, za ziara za mawaziri naziweza. Mara ya nne kalamu ikaenda kwa mama yangu mzazi.

Habari hii sijaiandika popote, hata humu. Mama yangu alikuja kutibiwa, akakaa miezi minane kwenye chumba cha nyuma. Mie nilikuwa mikutanoni. Aliyemwogesha ni Mama Mwende. Mkamba wa Kitui, mtu wa kanisa, akajifunza kumpashia mama maji ya udhu na kumgeuzia kiti kuelekea kibla. Mchana mama alipokata roho, mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Mama Mwende. Mie nilikuwa kwenye hafla, simu nimeizima. Tukamzika Tanga, na Jumatatu iliyofuata nikarudi kazini. Sikuwahi kumwambia Mama Mwende hata asante. Nimeandika yote, kurasa mbili.

Ijumaa, 8 Agosti

Lindi. Dada yake anauza sukuma wiki mbele ya chumba, akanipisha nikaingia. Mama Mwende alikuwa kitandani anakunja nguo. Hakuinuka. Nimeomba msamaha nimesimama, mkoba begani.

"Madam, hiyo barua haikuwa mbaya," akasema. "Ilikuwa tu ya mtu hanijui."

Nimempa mpya. Kaisoma polepole, kidole juu ya mstari. Ukurasa wa pili akatua, akafuta uso kwa leso, akaendelea. Alipomaliza akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake.

Nikamwambia hiyo ni ya kumpelekea mhasibu.

"Hii sionyeshi mtu. Hii ni yangu," akasema. "Niandikie ingine ya kazi."

Nimeiandika palepale, kwenye kiti cha plastiki, yeye akinitajia: chapati, pilau, samaki wa nazi, mapishi aliyofundishwa na mama yangu. Kanisahihisha mara mbili, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Dada yake akaleta chai. Tukainywa watatu, tukazungumza habari za mama mpaka chai ikaisha. Mama Mwende anakumbuka mambo yake mengi kuliko mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Maboksi yameondoka. Nyumba imebaki na mwangwi.

Mama Mwende kapiga simu asubuhi. Jumatatu atawahi. Nikamwambia nitakuwa nimeshafika, anijulishe ilivyokwenda. Kasema sawa, akaniombea safari njema.

Mchana nimeingia chumba cha nyuma kufunga dirisha. Nikakaa sakafuni, nikamlilia mama kwa sauti, mtu mzima mie. Tangu tumzike, sikuwa nimelia.