Sauti ya Koku Kwenye Grupu la Selimundu

Mdogo wangu Leokadia,

Nakusalimu kutoka hapa Elerai, kwa mwanangu Neema, nikiwa bado napumua. Magoti yako yanasemaje na baridi ya asubuhi huko Muleba? Mimi moyo umechoka. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Kwa kuwa macho yako hayasomi tena, Neema anaipiga picha barua hii ukurasa kwa ukurasa na kuituma kwenye simu ya binti yako, kwa hiyo anayekusomea ni Koku. Koku, mwanangu, usiruke mstari hata mmoja.

Unajua kwamba Elia, mtoto wa Neema, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomuuma mtoto mpaka ndani ya mifupa. Neema yumo kwenye grupu la simu la wazazi wa watoto kama hao, wako Tanzania nzima. Mwaka huu akaniingiza na mimi, maana nilifundisha baiolojia. Wananiita Babu Mwalimu. Grupu hilo limetutunzia Elia. Mawingu yakishuka Meru, mama mmoja wa Nkoaranga huandika kabla sisi wa mjini hatujahisi baridi: wavisheni soksi, wapeni maji. Mwingine anauza ndizi mtaa wa Kwa Mrombo, naye hutuambia vidonge vimefika duka gani. Siku moja alinitania, "Babu, unajibu haraka hivi, mtihani uliuiba?" Nikacheka pamoja nao.

Jumanne iliyopita ikaingia sauti ya mama mgeni. Nilikuwa nakunywa uji. Kabla hajamaliza salamu nikaweka kikombe chini, kwa kuwa niliisikia sauti yako ulipokuwa msichana. Ilikuwa Koku. Alisema mwanawe Jovin amevimba vidole na macho yamekuwa ya manjano, hospitali wamempima wakasema selimundu, lakini mama yake, yaani wewe, amekataa asirudishwe kliniki. Mama anasema bibi mzaa baba ndiye anayemla mtoto kwa uchawi. Halafu akauliza:

"Babu Mwalimu, ugonjwa huu unaweza kutoka upande wa baba peke yake? Maana mama ameapa kwetu haujawahi kuwepo."

Leokadia, kwetu upo. Ndugu yetu Kato alikufa nao. Nilikuwa chuo cha ualimu, mimi ndiye niliyempeleka hospitali, na daktari aliniambia mimi: mtoto huupata kwa baba na mama wote wawili, na ndugu wazima wanaweza kuubeba bila kuumwa. Nikarudi nyumbani nikakuta washenga wako wamekaa na baba. Nikanyamaza wasije wakaondoka. Kato alipokufa, wakasema mama mdogo Apolonia, mke wa pili wa baba, ndiye aliyemloga. Nikanyamaza tena. Nilimwona akifukuzwa, akitoka uani na godoro kichwani, akaniangalia, mimi msomi wa nyumba.

Baadaye nikasimama ubaoni miaka na miaka, nikichora jinsi mtoto anavyorithi damu ya wazazi. Hata Neema sikumwambia alipoolewa. Amejua leo, alipokuwa akipiga picha kurasa zilizotangulia. Nasikia anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Koku nilimjibu kwa mstari mmoja: unatoka pande zote mbili. Akaandika ahsante Babu. Hakujua anajibiwa na mjomba wake.

Leo sikuombi msamaha. Nikasirikie baadaye, hata nikiwa kaburini. Jovin hawezi kutusubiri. Arudi kliniki, na akipata homa ni hospitali saa hiyo hiyo.

Msalimie mume wa Koku, mwambie hana kosa lolote. Wasalimie wajukuu. Mama Apolonia hapokei tena salamu. Alifia kwao akiitwa mchawi, na mimi nikijua. Zile salamu zilizokuwa zake mpelekee mama mkwe wa Koku. Nenda mwenyewe, na magoti yako hayo, umwombe akubebee Jovin njiani kwenda kliniki.

Koku, sasa weka simu chini, umvishe mtoto.

Kaka yako aliyenyamaza,
Deusdedit