Nani Atahesabu

Malisho ya juu, Tiroli
2 Septemba 1979

Kwako dada Treza,

Pokea salamu kutoka huku baridini. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na huo nimeshauzoea kama mke. Ninyi je? Kifua cha shemeji? Na maboga?

Kalamu yangu unaijua, iliishia darasa la nne, basi nivumilie. Tangu Juni niko huku juu na mbwa, na ng'ombe arobaini na wawili wa wanakijiji. Mpaka leo hajafa hata mmoja. Nilishakueleza maana yake: tarehe ishirini na mbili tutateremka kijijini, ng'ombe wamevaa mataji ya maua. Kila siku nikimaliza kukamua nafunga matawi na maua ya karatasi. Taji la Gamsa, ng'ombe anayetangulia, nimelitia kioo katikati, na ni refu kuliko mkono wangu.

Njoo uone. Mwaka wa tisa huu nakuita. Usinitajie magoti. Miti imeanza kugeuka manjano, anga limetakata, na kule kijijini siku hiyo kuna maandazi ya moto na maji ya tofaa yaliyokamuliwa asubuhi. Umeshika jembe tangu una miaka saba. Siku mbili za kutembea mikono mitupu hazitakuua.

Mdogo wako,
Vendel


Nyumbani
9 Septemba

Vendel mdogo wangu,

Barua yako imefika inanuka jibini, nikajua u mzima kabla sijaifungua. Kifua cha shemeji yako kinakoroma, ila mdomo wake hauna ugonjwa. Maboga yamejaa uani. Tunatoa mbegu mpaka vidole vinanata.

Nakuja. Wanawake wa parokia tumekodi basi, tuko kumi na mmoja, na viatu nimenunua. Marjeta wa jirani aliniuliza mbele ya watu wote kama kazi yako huko ni kuzoa samadi. Nikamwambia, "Panda basi ukaone nani anatangulia mbele." Naye kweli kaandikisha jina.

Kwa hiyo usinitie aibu. Chana nywele.

Dada yako,
Treza


Malisho ya juu
18 Septemba

Dada Treza,

Natumaini ninyi hamjambo. Mimi siumwi, lakini hali si njema.

Jumapili kulikuwa na ukungu. Mtamba mmoja, Linda, aliteleza kwenye mwamba. Ni wa Notburga, mjane anayekaa karibu na daraja la kijijini, ambaye huku juu ana ng'ombe wawili tu. Niliteremka kwa kamba. Nilimkuta bado anahema, nikakaa naye mpaka akaacha.

Mwaka anapokufa mmoja, wote hushuka bila ua, na kengele za shingoni hujazwa nyasi zisilie. Hata watoto wa huku wanalijua hilo. Jana alipanda Bwana Egger, msimamizi wa malisho. Ana hoteli, na mabasi tisa ya wageni yanakuja. Hakunifokea. Alinipa sigara, akasema, "Vendel, watu wanakuja kuona maua. Arobaini na wawili, arobaini na mmoja, nani atahesabu?"

Nikamjibu kwamba Notburga atahesabu. Akasema Notburga ni mpangaji wake, kwa hiyo atanyamaza. Kisha akasema nikiwashusha bila mataji, mwakani nisipande. Nikamrudishia sigara yake.

Nimechoka, dada, na kazi nyingine siijui. Lakini tukivaa maua mwaka ambao mmoja amekufa, basi hata yale ya miaka iliyopita yalikuwa takataka. Leo nimechoma mataji yote. La Gamsa nimelichoma mwisho.

Kama utaona aibu mbele ya Marjeta, baki nyumbani. Sitakulaumu. Nikishashuka nitalala kwa mhunzi mpaka mwisho wa mwezi. Niandikie huko.

Mdogo wako,
Vendel


Nyumbani
25 Septemba

Vendel mdogo wangu,

Habari za kifua na magoti zisubiri leo. Barua yako ya tarehe kumi na nane nimeikuta mlangoni niliporudi. Kwa hiyo nilikuja bila kujua lolote, na ni afadhali.

Siku ya kwanza tulipanda kilima nyuma ya kijiji, tukachuma matunda mekundu ya porini tukajaza vitambaa vyetu vya kichwa. Marjeta alivua soksi akaingia mtoni, akapiga kelele kama kuku anayekamatwa. Sijacheka vile tangu harusi yangu. Maandazi nilikula manne.

Kesho yake tulisimama darajani. Bendi ilikuwa inapiga. Ukatokea. Bendi ikanyamaza chombo kimoja kimoja, zikabaki kwato tu. Wazee walivua kofia. Mgeni mmoja nyuma yetu alinung'unika kwamba ametoka mbali. Marjeta akaniuliza, "Maua yako wapi?"

Nikakumbuka desturi uliyonieleza, nikamwambia, "Amekufa mmoja. Mdogo wangu hadanganyi."

Kisha bwana mmoja mwenye kofia ya manyoya akatoka na shada la maua amvishe Gamsa kwenye pembe. Ukamwekea bwana huyo fimbo kifuani bila hata kumtazama, ukaendelea. Sasa ndiyo najua alikuwa nani. Na yule mama aliyekuja kuchukua ng'ombe mmoja, akakushika mkono, naye sasa namjua.

Nilitaka kukuita. Lakini aliyebeba jeneza hasimamishwi njiani kwa salamu, na basi halikungoja. Nywele hukuchana.

Shemeji yako anasema umetupa kazi kwa ajili ya mtamba wa watu. Nimemwambia ale anyamaze. Njoo nyumbani, kitanda kipo na maboga yapo. Ila kabla hujaondoka, pita kwa huyo Egger umpe jibu, maana aliuliza. Wanawake kumi na mmoja tulihesabu, kila mtu kwa vidole vyake, Marjeta mara mbili. Arobaini na mmoja.

Dada yako,
Treza