Maji ya Kuchemsha

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Kazi inaendeleaje, na mgongo umeacha kukusumbua? Mimi mzima, ila macho. Kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani siku hizi ni ugomvi.

Nakuandikia kwa ajili ya wale wapangaji wako wa kwenye tanki. Konokono wamekuwa weupe mgongoni, magamba yanachubuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Majani machanga yanatoka madogo, yamejikunja. Na jana samaki mmoja mwekundu nilimkuta kalala ubavu. Nimemzika nyuma ya jiko, usinicheke.

Sijui nimekosea wapi. Nawapa maji yale yale safi ninayokunywa mimi, na chakula nawapimia kama ulivyonielekeza. Nguo za marehemu mume wako nimegawa, viatu nimegawa, hata redio kachukua binamu yake. Tanki hili ndilo kitu chake pekee kinachopumua, nawe uliniachia nilitunze hadi utakaporudi likizo ya Agosti. Likinifia mikononi sitajisamehe. Niambie la kufanya.

Mama

19 Februari

Shikamoo Mama,

Natumai macho yamepata nafuu. Nenda ukapimwe miwani, usiwe mbishi. Mgongo wangu uko vile vile. Mashuka ya hoteli nzima hayajifui.

Pole na samaki. Magamba kulika na majani machanga kujikunja ni dalili ya jambo moja: maji yamepungukiwa kalsiamu, yamekuwa laini mno. Ila nilishangaa, maana maji ya bomba ya hapo nyumbani ni magumu, hata sabuni inakataa kutoa povu. Marehemu alikuwa akisema konokono wetu wanaishi kitajiri. Nikamsimulia fundi anayetengeneza mashine za kufulia hapa kazini. Akauliza swali moja tu: "Anayachemsha?"

Mama, unayachemsha? Ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya sufuria una kalsiamu hiyo hiyo. Ukichemsha unaiacha jikoni, samaki wanapata maji yasiyo na kitu. Fundi anasema hata mashine zake zinaganda ukoko wa namna hiyo.

Chota ya bomba, yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha ili ile dawa ya bomba ipungue. Kisha wabadilishie polepole, jagi moja kwa siku, kwa sababu maji yakibadilika ghafla watashtuka na kufa. Maganda ya mayai yaoshe, yakaushe, yaponde, uyafunge kwenye kitambaa na kuyaning'iniza pale maji yanapotokea kwenye chujio. Fundi anasema huyeyuka taratibu sana, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Nikikwama tena nitamuuliza fundi.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kwa kujikaza. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu, unisamehe.

Ndiyo, nachemsha. Tangu daktari aliposema ni maji ya bomba yaliyomuua marehemu, humu ndani hakuna kinachoguswa na maji mabichi. Mboga naosha kwa ya kuchemsha, meno napiga mswaki kwa ya kuchemsha, na samaki wake nao nikawapa hayo hayo. Nilidhani ndiyo kuwalinda. Halafu unaniambia niwamiminie yale yaliyomwondoa baba yao. Nilisimama na jagi mbele ya tanki, mkono ukakataa, nikarudi kushona. Kesho yake hivyo hivyo. Mteja mmoja alinikuta nalia juu ya gauni lake, nikamwambia ni vumbi la kitambaa.

Mwishowe nilimimina huku nimefumba macho. Hawakufa. Jani jipya limetoka limenyooka. Konokono pale palipolika hapajazibika, lakini ukingoni gamba linaongezeka, la kahawia, zima kabisa. Nimekaa nikawatazama mpaka chai ikapoa.

Msalimie fundi. Umemtaja mara nne katika barua moja. Sijauliza kitu.

Mama

11 Juni

Shikamoo,

Natumai u mzima. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi.

Fundi ameniomba tuoane, nami nimekubali. Ni mtu mpole. Ananisikiliza hata ninapomzungumzia marehemu. Wazazi wangu wameshajua. Ulistahili uwe wa kwanza kuambiwa, nikaogopa. Agosti sitakuja, ndipo tutakapokuwa kwenye mambo hayo. Tanki ni lako, sitalidai.

Najua nakuumiza. Nami naumia, kuna asubuhi naamka bado napapasa kitandani nikimtafuta. Sijui kama nina haki tena ya kukuita vile nilivyozoea, ndiyo maana hapo juu nimepaacha wazi.

Ni mimi

30 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Na huyo mwenzio hajambo?

Niliapa sitajibu. Niliona kama umemzika mara ya pili, safari hii bila hata kuniita. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa tena. Sitakudanganya kwamba nimefurahi. Sijafurahi, na sijui nitafurahi lini. Lakini wewe bado kijana, na kulala kwako peke yako hakumrudishi. Olewa. Nimejaribu kwa bidii kumchukia huyo fundi nimeshindwa, maana aliwaponya samaki wa mwanangu bila kuwaona.

Wote wazima. Konokono wametaga, kioo kimejaa mayai, sijui nitawapeleka wapi.

Jambo moja tu. Nilizaa mtoto mmoja. Alipoondoka, watu hapa wakaanza kuniita mama wa marehemu. Ni wewe peke yako uliyeendelea kuniita Mama, kama vile bado nina mtu. Barua yako ilipofika nilisoma "Shikamoo", nikaona mbele yake hakuna neno, nikashindwa kuendelea hadi siku ya pili. Usinifanyie hivyo, mwanangu. Neno hilo likimchukiza mumeo mpya, liandike akiwa kazini. Na siku usiyokuwa na habari wala nafasi, andika neno hilo moja tu kwenye karatasi, utie kwenye bahasha, utume.

Mama