Mapaja ya mlimani, choo cha mama mkwe

Pamela, nakuandikia nikiwa chooni kwa mama mkwe. Usicheke.

Si unajua jana nimeshuka mlimani, safari yangu ya kwanza ya upagazi. Kupanda nilijikaza. Kushuka na mizigo ya wazungu ndiko kumeniua. Leo mapaja yamekuwa magogo.

Basi nimechuchumaa, kunyanyuka nimeshindwa. Nimeshindwa kabisa. Ikabidi nimwite mama yake Valerian. Huyu huyu ambaye tangu harusi hajawahi kuniita mwanangu.

Akaja, akanishika mikono, akaniangalia tumbo. "Ni kizunguzungu? Mwanangu, una miezi mingapi?"

Mwanangu, Pamela.

Eti nisikate tena majani ya ng'ombe, na nikijifungua, mtori wa ndizi wa mzazi atanipikia mwenyewe. Ananivuta huku anatabasamu. Nilishafika nusu.

Nikasema, "Mama, sina mimba. Ni mapaja tu, ile mizigo ya mlimani."

Akaniachia mikono. Nikarudi chini palepale.

Valerian ndiyo amefika sasa hivi, namsikia ananiulizia. Mama yake anamjibu, "Mwache huko. Kama mlima ameuweza, choo hakitamshinda."