Damu Ile Haikuwa Hedhi, Shangazi

Mpendwa Shangazi Zuhura,

Huu ni mwezi wa nane tangu utuache. Watu wananiambia nikuombee dua, nami nakuombea. Lakini kwenye dua mtu hakai akapiga hadithi, na mimi nina mambo ya kukusimulia. Mengine unayajua, maana ulikuwepo. Mengine yametokea baada yako. Leo ni Jumapili, Idi ameenda kutazama mpira kwa jirani, nyumba imetulia, nami nimekaa mezani hapa Kabiria na karatasi.

Nianze na siku ile ya mkeka, maana hatukuwahi kuizungumza vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikuwa tumeketi chuoni kwako, kile chumba cha juu mjini chenye dirisha moja, wasichana tisa tunasoma kwa sauti. Uliponiita nije kusikilizwa nilishindwa kuinuka. Ukaniangalia usoni, ukawaambia wenzangu wote watoke wakanunue maji, wote wanane waende kununua chupa moja ya maji. Walipotoka uliukunja mkeka mwenyewe, ukaufua mwenyewe, ukanipa vitambaa safi na kanga yako. Hukunikemea. Ulinipangusa machozi, ukasema, "Wanawake wa kwetu ndivyo tulivyo, Salma. Damu yetu ni nyingi. Stahimili."

Nikastahimili, Shangazi. Neno lako nililishika miaka kumi na minane.

Hukujua nilivyokuwa nikistahimili, kwa sababu nilikuwa hodari wa kuficha. Dukani Biashara Street, nikiuza kanga na vitambaa vya mapazia, nilivaa pedi mbili pamoja na kipande cha taulo juu yake, na bado kila saa nilikuwa nikiuomba ufunguo wa choo. Buibui jeusi lilinisitiri. Kitandani nilitandika nailoni chini ya shuka, Idi akawa amezoea kuisikia ikilia kila nikigeuka. Nilikula mawe ya odowa, yale wanayouza sokoni kwa wajawazito. Nilibeba kipande kwenye pochi nikakimung'unya kama peremende, wala sikuwa na mimba. Wateja wakawa wananipongeza, nami natabasamu tu. Nikipanda ngazi, moyo ulinidunda mpaka masikioni.

Mwenzangu wa dukani, Brenda, ndiye aliyekuwa akiniona. Siku moja aliniambia, "Salma, wacha nikuambie ukweli. Hiyo midomo yako imekaa majivu. Enda hosi." Nikaenda kliniki moja ya uchochoroni Kawangware. Mhudumu hakunigusa wala hakuniuliza zaidi ya maswali mawili. Akasema, "Ni mawazo, mama. Punguza stress," akanipa vidonge vyekundu vya wiki moja. Nikaona basi, hata wataalamu wanasema ni kawaida.

Halafu ikaja Ramadhani ile. Nilikuja kwako alasiri nikiwa na swali la saumu za watu wengine, kumbe la kwangu mwenyewe nimelificha nyuma yake. Ulikuwa unachambua tende. Nilikuuliza mwanamke aliyeacha kufunga siku nyingi atazilipaje.

"Siku ngapi?" ukauliza.

"Kumi na tisa."

"Mfululizo?"

"Mfululizo, Shangazi. Na bado."

Ukaacha tende. "Ni wewe?"

Nikainamisha kichwa. Ukaniuliza zamani ada yangu ilikuwa siku ngapi, nikasema saba. Ukaanza kunifundisha kwa ile sauti yako ya darasani, sauti isiyokuwa na haraka. "Damu ikivuka siku kumi na tano, hiyo yote si hedhi. Zile saba za ada yako ndizo hedhi. Zilizozidi ni istihadha. Unaoga, unajifunga vizuri, unatawadha kwa kila sala ya faradhi wakati wake ukiingia, unasali na unafunga kama wenzako. Maana ile si damu ya ada, ni damu ya ugonjwa."

Ukarudia polepole, kama aliyeyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza, "Damu ya ugonjwa." Ukanitazama. "Mlango huu nimeusomesha miaka thelathini, Salma. Nimewaambia wanawake namna ya kutawadha na namna ya kujifunga. Sijamwambia hata mmoja aende hospitali."

Kisha ukanieleza jambo ambalo hata marehemu baba yangu, ndugu yako, hakulijua: kwamba nawe uliishi hivyo hivyo mpaka hedhi yako ilipokoma, kwamba kuna mwaka ulianguka bafuni mara tatu, kwamba wewe na mumeo mlipoteza mimba mbili na hukuuliza sababu kwa sababu mama yako pia hakuuliza. "Nilidhani ni urithi wetu," ukasema. "Unisamehe, mwanangu. Nilikupa neno baya ukiwa mtoto."

Nikasema, "Hamna neno, Shangazi."

Lilikuwepo neno. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikamfokea Idi kwa kosa la chumvi kwenye uji. Nilihesabu harusi nilizokosa, na ile kazi ya ukarani niliyoiacha kwa sababu ofisi haikuwa na choo karibu. Nilikaa siku nne bila kukupigia simu. Siku ya tano ulinipigia wewe, hukuuliza kwa nini nimenyamaza. Ulisema tu, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko getini hospitalini. Nitakushikia foleni."

Na kweli nilikukuta, wa pili kwenye foleni, umeleta kiti chako cha plastiki kutoka chuoni. Muuguzi alinivuta kope la chini, akakunja uso, akaita mwenzake naye aje aone. Majibu ya damu yalipotoka aliuliza, "Wewe mama, umekuja hapa na nini?"

"Kwa miguu, kutoka stejini."

"Ulikuwa unatembea aje na damu tano, badala ya kumi na mbili? Watu wa damu tano tunawabeba."

Nikalazwa siku ile ile. Picha ikaonyesha uvimbe sehemu tatu kwenye mfuko wa uzazi, mmoja mkubwa kama ngumi. Nililia, si kwa uvimbe, bali kwa sababu nilikuwa nimewasikia wanawake Kabiria wakisema ukiingia pale kwa mambo ya damu unatolewa kizazi, na mimi na Idi bado hatujapata mtoto. Daktari, yule dada mdogo mwenye miwani, ulimkalisha chini kama mwanafunzi wako. "Mwambie ukweli," ukamwambia. "Mfuko unautoa au huutoi?"

"Mama, nia yangu ni kutoa uvimbe tu, mfuko ubaki," akasema. "Ninaona inawezekana. Lakini siwezi kuapa kabla sijafungua. Kwanza tumwongezee damu, na tumpe dawa ya kuipunguza hii inayotoka. Na mtuletee watu wa kutoa damu."

Ukawaletea. Wanawake sita wa darasa lako la Jumamosi, wamevaa mabuibui, wamejipanga kwenye benchi la benki ya damu wakichekeana kwa woga wa sindano. Nilikuwa nimelala wodini, lakini ulinisimulia mara nyingi hata naiona. Wakatobolewa vidole kupimwa kwanza. Watatu wakarudishwa. Si kwa uzee wala uzito. Damu yao wenyewe ilikuwa haitoshi. Ukasema hapo ulikaa kitako kwenye sakafu ya hospitali, mwalimu mzima, ukamuuliza kila mmoja kwa sauti ya chini, "Na wewe, zako huenda siku ngapi?" Wawili kati yao wakaanza kulia.

Siku niliyoruhusiwa kutoka baada ya kuongezewa damu, ulinishika mkono mpaka Kenyatta Market. Ulikuwa umeambiwa nile maini. Ulimhoji yule mchoma nyama nani kachinja, wapi, na alisema nini kabla ya kuchinja, mpaka akaenda kumwita mwenye bucha, naye akaja na kofia yake kichwani akakutolea salamu ndefu. Ndipo ukakubali kuketi. Ulinilisha vipande kwa mkono wako mbele ya wasusi wote wa nywele wanaofanya kazi pale sokoni, na mimi mtu mzima wa miaka thelathini na moja nikafungua mdomo.

Upasuaji ulikuja miezi miwili baadaye, damu yangu ilipofika kumi na moja. Ninachokumbuka ni baridi na taa, halafu uso wako. Sikuwa na nguvu ya kuuliza. Ukaniinamia sikioni ukasema, "Mfuko upo." Nikarudi kulala.

Sasa ni mwaka na nusu. Hedhi yangu ni siku tano, Shangazi. Mara ya kwanza ilipokatika siku ya tano nilingoja siku nzima nikidhani inanidanganya. Nailoni niliitoa kitandani, Idi akaipeleka kufunikia kuni kwa mama yake Mutuini. Odowa siitamani kabisa, hata harufu yake inanishangaza. Daktari alinionya kwamba uvimbe unaweza kuota tena, kwa hivyo kila miezi sita narudi kupimwa. Mtoto bado. Tunangoja, na kungoja kwa sasa si kama kule kwa zamani, kwa sababu nina nguvu ya kungojea.

Na kuna hili ambalo nilipaswa kukwambia ukiwa hai. Siku ile niliposema hamna neno nilikudanganya kwa adabu. Sikuwa nimekusamehe. Sijui nilikusamehe lini hasa, pengine kwenye foleni, nilipokuona na kiti chako. Lakini nimekusamehe, na nimeacha kuzihesabu zile harusi. Nawe ulilipa neno moja baya kwa maneno mengi mazuri. Ile Jumamosi uliyomleta muuguzi darasani akae karibu yako mkifundisha mlango wa damu, wewe hukumu zake na yeye dawa zake, chumba kilijaa mpaka ngazini.

Darasa linaendelea. Ustadha Rukia ndiye anayesomesha. Mimi nakaa pembeni, na wakimaliza wananijia mmoja mmoja. Habari imetoka hata nje ya darasa. Jirani yangu Mama Nekesa, wa kanisa lile la bati hapa Kabiria, alibisha hodi Alhamisi. Alisimama mlangoni akizungushazungusha leso mkononi.

"Mama, wewe ndio yule wa mambo ya damu?"

"Ndiye. Karibu ndani."

"Ni msichana wangu. Kila mwezi hukosa shule wiki mbili. Huwa namwambia ni kawaida, hata mimi nilikuwa hivyo." Akaikunja leso. "Hiyo ni kawaida kweli?"

Nikamwambia si kawaida. Nikamwambia sijui ni nini, mimi si daktari, lakini kuna watu wanaojua. Akauliza, "Na tukifika huko, nani atatuongelea? Mimi nikiona daktari nasahau kila kitu."

Tunaondoka kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri, sisi watatu. Msichana ameandika siku zake zote kwenye daftari la hesabu, amezipigia mstari kwa rula. Jana alinionyesha kupitia ua. Nimemwambia asiache hata moja, azisome mwenyewe, kwa sauti, na daktari akitaka kumkatiza amwambie bado hajamaliza.

Pumzika, Shangazi. Mola akupanulie ulipo.

Binti wa ndugu yako,
Salma