Toleo la Mwisho la Jarida la Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na pampu ya kutoa maji chomboni haikusumbui tena. Sisi hatujambo, mjukuu wako ameota jino na anauma kila kitu, pamoja na mimi.

Humu kifurushini utakuta jarida letu la wasafiri wa matanga. Lisome polepole, Baba, kwa sababu ndilo la mwisho, kama ulivyohofia. Mhariri alituita kwenye chumba cha uchapaji, akasema wasomaji wamehamia mtandaoni, maji yamezidi unga, mtambo unazimwa. Fundi wa mtambo alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. Nililia, sikufichi.

Najua utakavyosema: nahodha wengi, chombo huenda mrama, na huko mtandaoni kila mwenye simu ni nahodha. Sisi hatukuwahi kuchapa kina cha mlango wa bandari kabla ya kuuliza mabaharia wawili. Ni kweli. Ila fungu la mchanga nalo huhama, halingoji toleo lijalo.

Tangu Mama atutoke hujang'oa nanga, na kaka ameniambia unataka kuiuza mashua, eti jarida likifa ujuzi wako hauna msomaji. Ndiyo maana sasa nalazimika kukueleza jambo aliloniachia Mama.

Unamkumbuka yule Bibi Nanga wa mtandaoni, ambaye wenzako gatini walikuwa wakimnukuu mpaka ukamwita mbea wa baharini? Alikuwa Mama. Kila ulipopima kina kwa kamba na kumtajia namba aandike kwa penseli pembeni mwa jarida, aliandika, kisha akazituma kwa simu yake ulipolala. Maneno yalikuwa yako. Yeye alitia adabu tu, maana ulivyokuwa ukiyatukana yale maboya, hakuna ambaye angethubutu kuyaweka maneno hayo hadharani. Alipolazwa nilimuuliza kwa nini hakukwambia. Akasema, "Mwache na karatasi yake. Siku ikimwishia, mwambie watu wamekuwa wakimsikiliza."

Na bado wanamtafuta, Baba. Mke na mume wenye mtoto mchanga wamekwama bandari ya jirani. Wanataka kuja hapo ulipo, na wanamuuliza Bibi Nanga kama mlango wa mashariki unapitika baada ya ile dhoruba. Wengi wamewajibu, kila mtu na lake, hakuna aliyepima. Wao wamesema hawatatweka tanga mpaka ajibu yeye. Sikuwa na moyo wa kuwaambia kwamba amefariki.

Simu yake nimeifunga ndani ya jarida, imejaa chaji. Kamba ya kupimia unajua alikoiweka.

Wasalimie majirani wa gatini, na ule chakula cha moto walau mara moja kwa siku. Mjukuu anakuamkia kwa jino lake moja.

Ni mimi,
kitinda mimba wako.